Soksi Iliyogoma Kupanda

Mimi ni fundi wa kufuma, na kazi yangu siifanyii mzaha. Mdogo wangu alipojifungua kwa upasuaji, mtoto tuliyemsubiri mpaka tukaacha kuuliza, nilifunga duka nikafuma jozi mbili za soksi nyekundu, za mama na za mwana, mistari yake pacha. Nilizipeleka mbiombio, nacheka peke yangu njiani.

Nyumba ilikuwa haikaliki kwa furaha. Mama mtoto tulikuwa tumemlaza wiki nzima. Maji analetewa, chakula analetewa, tukamdekeza hadi akasahau sakafu ina rangi gani. Shemeji, mumewe, akamvisha soksi ya kulia, ikapanda hadi gotini. Ya kushoto ikagoma kwenye kigimbi.

"Shemeji, hii moja ulifuma unasinzia?" akaniuliza.

Nikapandwa na hasira. Nikazivua zote mbili, nikazilaza kitandani moja juu ya nyingine. Zilikuwa sawa mpaka uzi wa mwisho. Nikageuka nimpe shemeji vidonge vyake vya maneno, macho yakatua kwenye miguu ya mdogo wangu. Kama soksi ziko sawa, basi miguu ndiyo haiko sawa.

Nikaigusa. Wa kushoto umevimba, una joto. Mdogo wangu akasema ulikuwa unamuuma tangu jana, ila alidhani ni kulala sana, na hakutaka kutuharibia furaha. Shemeji alikuwa ameshamimina mafuta kiganjani amkande. Hapo nikamkumbuka mkunga. Siku ya kutoka hospitali alituambia mguu mmoja ukivimba turudi haraka, nasi tukaitikia ndiyo, ndiyo, huku tunamchungulia mtoto.

"Usimkande," nikasema. "Tafuta gari."

Niliogopa, sifichi. Nilimpakata mtoto njia nzima, macho yangu kwenye kifua cha mama yake nikiangalia kama anapumua vizuri.

Daktari aliupima mguu kwa mashine ya picha, akasema damu imeganda kwenye mshipa, na kipande kikichomoka kikaenda mapafuni kinaweza kumuua. Akamwanzishia sindano za kuzuia damu isizidi kuganda. Akaeleza kwamba hatari hii huwepo tangu ujauzito, na huzidi wiki za baada ya kujifungua, hasa kwa aliyepasuliwa, na zaidi akilala tu bila kutembea. Akatuangalia mmoja mmoja. Sote tukaangalia viatu vyetu.

Mdogo wangu alirudi nyumbani na sindano zake na ruhusa ya kutembea. Basi ikawa kila asubuhi anazunguka uani, shemeji nyuma yake na mtoto begani, wanacheka. Wakimaliza anaijaribu soksi taratibu, na ikikataa hawailazimishi. Ikapanda kidogo, ikakwama. Ikapanda tena.

Siku moja niko dukani nampima mteja, simu ikaita. Nikasikia vigelegele, mtoto analia, na shemeji sauti imemkauka.

"Imefika gotini, fundi! Imefika!"

Nilikuwa nimemwekea jibu lake tangu siku ile ya kusinzia, kali, nimelinoa vizuri. Lilinitoka lote kichwani. Nikalia palepale, utepe shingoni, mteja ananishangaa.