Wifi Anampikia Cheche

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni fundi wa kuchomelea mageti, na kabla ya Cheche sikuwahi kumwona akipika chochote zaidi ya chai. Ukimuuliza, hukujibu kuwa moto anaoujua yeye ni ule wa kuunga vyuma.

Cheche ni mbwa jike aliyejileta mwenyewe karakana, mbavu nje, akajilaza nyuma ya mitungi ya gesi na kugoma kuondoka. Wifi akaja naye nyumbani, maana tunaishi pamoja. Akampa nyama mbichi kutoka buchani, na mbwa akaifakamia kana kwamba ina miguu ya kukimbia. Wifi akacheka mpaka machozi.

"Mnaona? Mnyama anajua chakula chake. Nani kamwona simba na sufuria?"

Ikawa ndiyo kawaida. Kisha tumbo la Cheche likachafuka. Akaharisha, akapata nafuu, akaharisha tena. Mwanangu naye ndiyo kwanza alikuwa anatambaa, na asubuhi moja nikamkuta kando ya bakuli la mbwa, anamung'unya kipande cha ini bichi. Nilipiga yowe mtaa mzima ukasikia.

Nikajiweka tayari kwa ugomvi, si unajua mambo ya mawifi. Lakini yeye alimtazama mtoto, akamtazama mbwa, akavua glavu za kazi.

"Twende kwa daktari," akasema. "Sote."

Daktari wa watoto alituambia tumwangalie tu mtoto, na namshukuru Mungu hakupatwa na kitu. Daktari wa mifugo, mama mmoja mpole, alimbonyezabonyeza Cheche tumbo na hakumlaumu mtu.

"Wapo wanaowalisha mbwa wao nyama mbichi, na wanaapa kwamba inawafaa," alisema. "Ila nyama mbichi hubeba vijidudu, na nyumba yenye mtoto anayetambaa si ya kubahatisha. Ningekuwa wewe, ningempikia. Mifupa iliyopikwa usimpe, huvunjika vipande vikali. Vitunguu na chumvi, weka mbali."

"Nipike? Mimi?"

"Wewe, mama."

Njiani nikamwambia, "Wifi, acha nikusaidie, nitampikia mimi."

"Mbwa ni wangu. Jasho nalo liwe langu."

Siku ya kwanza alipika kuku na wali na karoti, chini vikaungua, juu vikawa uji. Cheche akanusa, akageuka, akatupa mgongo. Kesho yake hivyohivyo. Mume wangu akamtania, "Hata mbwa ana heshima yake, dada." Nikadhani sasa atarudi buchani, yaishe. Bucha lenyewe liko njiani kwake.

Hakurudi. Jioni alifika na mikono yenye alama za cheche za moto, amechoka hoi, akasimama jikoni akikata karoti taratibu kama anayepima chuma cha geti. Chakula kilipoiva na kupoa, akaketi sakafuni mbele ya mbwa, akachota tonge kwa vidole, akala mwenyewe.

"Kweli hakina ladha, mwanangu," alimwambia. "Nami nakila. Tule."

Siku iliyofuata akajaribu hiki, iliyofuata kile. Mwishowe akachemsha ini mpaka likaiva kabisa, akalisaga, akalichanganya na wali na kuku. Cheche alinusa. Akalamba ukingo wa bakuli. Halafu akainamisha kichwa, na kilichobaki kikawa ni mlio wa bakuli likisukumwa sakafuni.

Wifi alijifuta macho kwa mkono wa shati, eti moshi, na jiko lilikuwa limeshazimwa.

Sasa tumbo la Cheche limetulia, na wifi anampika kuku wake bila kumuunguza. Mimi ni mke wa watu, na mawifi hatusifiani ovyo. Lakini jioni ile Cheche alipokula, tulipobaki wawili, nilimwambia mume wangu, "Dada yako ni mtu."

"Kamwambie mwenyewe," akasema.

Nikaenda jikoni, nikamwambia.