Mtu wa Tano

Kila asubuhi, kabla ya kugusa nguo ya mtu, mpiga pasi alilowesha kidole kwa ulimi na kukipitisha chini ya pasi, upesi kama mwizi. Pasi ikilia cha! ilikuwa tayari kwa pamba. Ikinong'ona tu, bado. Asubuhi hiyo kidole kilikuwa ndiyo kwanza kinatoka mdomoni pale mlango wa duka uliposukumwa na sauti ya kiume ikasema, "Kila mtu abaki alipo. Nahesabu."

Alikuwa afisa wa vibali, faili kwapani. Duka lilikuwa la dobi, chumba kimoja kirefu: mashine mbili za kufulia nyuma, kamba za kuanikia katikati, meza ya pasi mbele karibu na dirisha. Mwenye duka alitoka nchi nyingine. Jina lake la kwao liliwashinda watu kulitamka, wakamwita Mgeni, na baada ya miaka kumi na mmoja aliliitikia kama jina la kuzaliwa. Kibali chake kilikuwa kinaisha Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Sheria unaijua," afisa alimwambia. "Mgeni mwenye biashara haongezewi kibali mpaka awe ameajiri raia watano. Watano wenye namba za kitambulisho."

"Ninao watano, mheshimiwa."

Afisa alihesabu kwa ncha ya kalamu. Wafuaji wawili. Mwanikaji. Msichana wa mapokezi, ambaye kwa maneno yake yasiyoisha walimwita Povu. Namba zao zilikuwamo kwenye orodha. Kalamu ikafika kwenye meza ya pasi, ikasimama.

"Na mama huyu?"

"Huyo ndiye wa kwanza," Mgeni alisema. "Nilianza naye."

"Kwenye karatasi ni wa tano. Na hana namba."

Mpiga pasi alichomoa kwenye kilemba chake mfuko mdogo wa nailoni, na ndani ya mfuko karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa stakabadhi ya maombi ya kitambulisho, ya miaka mitatu iliyopita. Muhuri wake ulikuwa umefifia hadi ukafanana na doa la chai.

"Mashine yao haisomi vidole vyangu, baba. Nimekwenda mara saba."

"Hii inasema unangoja namba. Mimi sihesabu mtu anayengoja."

"Kwani humwoni?" Povu alidakia. "Au tumwashie taa kichwani?"

"Namwona. Ila kwa hesabu hii hayupo."

Mgeni alijaribu kutabasamu. "Mheshimiwa, si mnasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Mimi jembe nimelishika miaka kumi na mmoja."

"Methali si kifungu cha sheria."

Mpiga pasi alikuwa anaitazama kola ya afisa. Aliijua. Ilipochakaa, aliifumua na kuigeuza kwa sindano yake mwenyewe, na mkunjo wa mkono uliosimama kama wembe ulikuwa kazi yake ya juzi. Shati hilo lilikuja kila Jumatatu kwa tiketi ya mke wa afisa. 

"Haidhuru," alisema, akairudisha karatasi kilembani.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Pasi ikimchoma, haidhuru. Umeme ukikatika na mashati arobaini yanangoja, haidhuru. Mgeni alipofika hajui hata kuomba maji, aliunguza shuka la mteja wao wa kwanza, akakaa sakafuni machozi yanamlengalenga. Mpiga pasi akamwekea mkono begani na kumwambia neno hilo moja. Lilikuwa neno la kwanza Mgeni alilojifunza katika nchi hii.

Mlangoni afisa aligeuka, akashusha sauti kama anayetoa msaada. "Nina mpwa wangu, amemaliza shule, yuko nyumbani tu. Namba anayo."

Alipokwisha kuondoka, Mgeni alimwambia mpiga pasi, "Mama, nenda tena. Nenda sasa hivi."

Kwenye ofisi ya vitambulisho alipanga foleni mpaka saa saba. Karani wa dirishani alikuwa msichana mwenye subira. Alimfuta vidole kwa kitambaa, akavipaka mafuta, akavibana kimoja kimoja kwenye kioo cha mashine. Taa nyekundu iliwaka mara kumi.

"Mama, kwani vidole vyako umevipeleka wapi?"

"Viko kwenye mashati ya watu."

Karani alicheka, kisha akaacha. "Njia ipo. Mwajiri wako aandike barua kwamba ni kazi iliyovifuta. Aambatishe nakala ya kibali chake."

"Ataandika leo hii, mwanangu!"

"Kibali kiwe kimebakiza miezi mitatu au zaidi."

"Kinaisha Ijumaa. Na hawamwongezei mpaka mimi nipate namba."

Karani aliangalia kompyuta yake kwa muda mrefu, kana kwamba jibu lingejitokeza pale. "Basi yeye aongezewe kwanza," alisema polepole, "halafu wewe..." Akakifuta kioo cha mashine. "Nisamehe, mama. Anayefuata!"

Alirudi dukani saa tisa. Kwenye kigoda chake alikuwa ameketi msichana mwembamba, magoti pamoja, bahasha ya vyeti mapajani. Msichana alisimama mara moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mgeni alikuwa anakunja taulo ambalo tayari lilikuwa limekunjwa. "Umepata?" aliuliza bila kuinua macho. Mpiga pasi akatikisa kichwa. "Basi mwonyeshe kidogo tu," Mgeni alisema.

Akamwonyesha. Wanga kiasi gani, kola kabla ya mgongo, vifungo vizungukwe, visipandwe. Akamfundisha kidole. Msichana alijaribu, akakitoa upesi.

"Inauma?"

"Mwanzoni. Usiiogope, isikilize. Itakuambia."

Safari ya pili pasi ikalia cha! Msichana akatabasamu, kisha akaona uso wa Povu, akainama.

Mgeni alisogea na taulo lake mkononi. "Mama, ni kwa muda tu. Mshahara wa mtu wa sita sina. Mambo yakikaa sawa..." Akalihamishia taulo mkono wa pili. "Nikinyimwa kibali, duka linafungwa, wote wanakosa. Wewe unaelewa. Haidhuru, eh, mama?"

Alilitamka vizuri, bila kosa, kama alivyofundishwa.

Mpiga pasi alifungua aproni yake, akaikunja kwa kufuata mistari ya pasi, akaiweka mezani. Nyuma mashine ilimaliza mzunguko, ikanyamaza. Wote walikuwa wanalingoja lile neno, hata yule msichana asiyelijua. Midomo ya mpiga pasi ilianza kulitafuta kwa mazoea. Akaibana.

"Inadhuru," alisema. "Najua huna la kufanya, mwanangu. Lakini inadhuru."