Mazoezi ya Safari ya Kasanga

Muhidin dereva alinijibu bila hata kunitazama, kichwa chake kikiwa ndani ya boneti la lori.

"Mama Zenon, wewe na mumeo nitawapakia. Watoto wadogo sipakii."

"Kwa nini?"

"Wanatapika, wanalia, kila kilima wanataka kushuka wakojoe. Juzi tu mmoja amenitapikia gunia la sukari ya duka la ushirika. Na sukari yenyewe ilivyo adimu! Nimeulizwa maswali mpaka nimechoka."

Nilitaka kumtukana. Nilijizuia, kwa sababu lori lililokuwa linashuka Kasanga wiki ile lilikuwa lake peke yake, na mimi sikuwa na haja ya kufika Kasanga bila watoto. Watoto ndio walikuwa safari yenyewe.

Mimi ni mtu wa ziwani, huko Kasanga. Mama alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na shangazi Adela, mwanamke ambaye akiita mtumbwi ulioko mbali majini, mtumbwi unageuka. Nilipoposwa na Felisiani wa Malangali, shangazi alisimama mbele ya ukoo mzima akasema, "Kule juu baridi inaua vichanga. Utazaa, utazika." Nikaolewa hivyo hivyo. Mtoto wangu wa kwanza alikufa kwa vichomi, wa pili akachukuliwa na surua. Habari zilishuka ziwani na wanunuzi wa samaki. Mimi sikushuka tena. Ningeenda kumwambia nini? Kwamba alisema kweli?

Kisha akaja Zenon, akaja Emerensiana, akaja Polikarp, na wote wakakaa. Polikarp alipokuwa anakimbia vizuri, tukapata habari kwamba Kristiana, binti wa shangazi, anaolewa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nikasema siku yangu imefika. Nilitaka wanangu washuke garini kwa miguu yao wenyewe, mbele ya shangazi na ukoo ule ule.

"Na nikikuletea watoto wasiotapika wala kulia?" nilimuuliza Muhidin.

Akatoa kichwa kwenye boneti, akacheka. "Kama wapo, nitakuja kuwapima mwenyewe."

"Njoo Alhamisi, nyumbani Malangali."

Sikuwa na mpango wowote. Mdomo wangu una tabia ya kutangulia akili. Lakini nilipofika nyumbani nilimkuta mume wangu anapitisha mkokoteni wa maksai kwenye shamba tulilokwisha kuvuna. Mkokoteni unapanda tuta, unashuka tuta, na magunia yanaruka. Hapo hapo nikauona mkokoteni ule kama lori.

"Baba Zenon, kesho uwapakie watoto uwazungushe shambani."

"Waende wapi?"

"Wasiende popote."

Felisiani ni mtu mpole. Alijikuna shingo. "Maksai hawa wana zamu ya shamba la kijiji. Mwenyekiti akiona wanazungusha watoto nitamwambia nini?"

"Mwambie tunasafiri."

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Zenon alitapika uji wote kabla hatujafika katikati ya shamba. Emerensiana alilia anataka kushuka. Polikarp alirushwa juu akaangukia kwenye tuta. Nilimkimbilia nikamkuta anacheka, mdomo umejaa udongo. "Tena!" akasema.

Basi nikajipanga. Uji wa asubuhi nikaupiga marufuku, wakawa wanakula kiazi cha kuchoma. Nikafunga kamba ya katani juu ya magunia ya pumba na kila mtoto nikamwonyesha pa kushika. Kilichonisumbua zaidi ni kukojoa, maana mtoto ukimuuliza atasema hataki, na ukiondoka tu anataka. Kwa hiyo Felisiani akawa anapaza sauti, "Breki!" na wote wanashuka kwenda kichakani, mwenye haja na asiye na haja. Majirani walijaa ukingoni mwa shamba.

"Luciana, mmefika wapi?" walikuwa wananipigia kelele.

"Tunaingia Matai!" niliwajibu. Kusema kweli nilikuwa nimekasirika, walicheka mno.

Jumatano jioni Emerensiana alisinzia juu ya mkokoteni, na mikono yake haikuiachia kamba. Nilipoona vile nikaanza kupanga nguo.

Muhidin alikuja kweli, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Akasema atapanda pamoja na watoto ili asidanganywe. Nilimkonyeza Felisiani. Mume wangu yule mpole, ambaye hata kuku hajawahi kugombana nao, aliwachapa maksai fimbo moja wakatoka mkuku. Gurudumu moja likapanda tuta. Muhidin akakamata hewa, kisha akamkamata Zenon.

"Shika kamba, mjomba," Zenon akamwambia.

Mzunguko wa pili haukuisha. "Simamisha! Simamisha, bwana!" Muhidin alishuka, akaenda nyuma ya mti, mkono uko tumboni. Watoto walibaki juu wakimsubiri arudi ili tuendelee.

Aliporudi shati lilikuwa limetoka ndani ya suruali. "Kesho alfajiri," alisema. "Uje nao wote. Na hiyo kamba mje nayo."

Felisiani alibaki na zamu ya maksai, mimi na watoto tukatoka Sumbawanga juu ya marobota ya vitenge na katoni za sabuni. Mpaka Msanzi mambo yalikuwa shwari, na Matai tukaipita tukila viazi. Shida ilikuwa mteremko wa kushukia ziwani. Gari liliyumba juu ya mawe, upande mmoja mlima, upande wa pili hakuna kitu. Mnunuzi mmoja wa samaki, aliyejisifu tangu Sumbawanga kwamba njia ile ni kama uani kwake, alikuwa wa kwanza kutapika.

Emerensiana alimwonea huruma. "Ulikunywa uji?" akamuuliza.

Haukupita muda Polikarp akapaza sauti, "Breki!" na Muhidin, sijui kwa woga au kwa heshima, akasimamisha gari. Watu wazima ndio walioshuka mbio. Wanangu walishuka taratibu, wakajisaidia, wakapanda, wakashika kamba yao. Nilijisikia mkubwa kuliko mkuu wa mkoa.

Lori lilisimama mbele ya nyumba ya shangazi. Uwanja ulikuwa umejaa majivu na magamba ya samaki, na wanawake wa harusi walikuwa wanamenya mihogo. Shangazi Adela alisimama, kisu mkononi. Amezeeka, nikaona.

"Shikamoo, shangazi."

Alikuwa anatazama nyuma yangu. Zenon alishuka mwenyewe, akafuata Emerensiana, na Polikarp akakataa kubebwa, akateremka kwa tumbo mpaka miguu ikagusa ardhi.

"Wa nani hawa?"

"Wangu."

"Wote?"

"Wote, shangazi. Wamezaliwa kule kule kwenye baridi."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi makali, ya miaka yote ile. Sikuyasema. Shangazi alitupa kisu, akavua kanga ya mabegani, akaitandika juu ya majivu mbele ya miguu ya Zenon. Kisha akapiga kigelegele ambacho nadhani hata Zambia walikisikia. Wanawake wakainuka, wakatandika za kwao, moja baada ya nyingine mpaka mlangoni. Kristiana, bibi harusi mwenyewe, akatandika ya mwisho. Wanangu wakapita juu ya kanga wameshikana mikono, na ukoo wote ukiwashangilia.

Mimi nilibaki kando ya lori na furushi langu, nalia mbele za watu bila kujifuta. Nilikuwa nimeshinda.

Shangazi akageuka. "Na wewe unangoja nini?"

"Miguu ina vumbi, shangazi. Nitazichafua."

"Zitafuliwa," alisema. "Pita, mama watoto."