Pumba za Kiangazi

Kiangazi kizima fundi cherehani alienda kwenye kona ya mto kumwaga pumba, ili samaki wapazoee na mvua zikianza wavuliwe bila jasho. Kona ile waliijua watu wawili tu: yeye na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye alivua naye kila msimu na aliyeapa kwamba hata akikabwa koo hatamwambia mtu.

Mvua zilipoanza, fundi akampitia. Akamkuta kitandani, anagumia kwa maumivu.

"Mgongo, shemeji! Hata kugeuka siwezi. Tungoje wiki ijayo."

Huruma ikamshika fundi. Kesho yake asubuhi akaenda peke yake, angalau amvulie mgonjwa samaki wa supu.

Mgongo gani! Mgonjwa alikuwa amekaa kwenye kigoda ambacho fundi alikiacha pale, anavuta mshipi kwa nguvu zote, amezungukwa na wenzake wa kazini, na kapu limefurika. Wale wenzake walipomwona fundi wakadhani wamevamiwa.

Shemeji hata haya hakuona.

"Msiwe na wasiwasi," akawaambia huku akicheka. "Huyu ndiye anayetumwagia pumba."