Alama za Shangazi

Fundi saa alikuwa mtu wa dakika. Kwa wiki tatu, kila alipofunga kibanda chake, aliketi na kompyuta akitengeneza ramani ya safari ya kwenda kwenye maporomoko ya maji. Ramani yenyewe ya bure, ya mtandaoni. Unabandika alama zako popote unapotaka. Nyekundu zilikuwa vituo vya mafuta, kijani vyoo, bluu mahali pa kula. Kila alama aliiandikia saa ya kufika.

"Na pa kupigia chafya umepaweka?" mkewe alimuuliza.

Fundi hakucheka. Aliwatumia kiungo mkewe na shangazi yake, ambaye angesafiri nao, ili kila mmoja aione ramani kwenye simu. Hakujua kwamba ameacha mlango wazi: aliyeweza kuiona aliweza pia kuibadilisha.

Jumamosi waliondoka asubuhi na mapema. Mke alishika usukani, Fundi alishika simu, shangazi alijimwaga kiti cha nyuma. Alama ya kwanza ya bluu iliwafikisha mbele ya geti la nyumba ya watu. Mgahawa hakuna. Mama mmoja akatoka mbio, mikono hewani.

"Shoga yangu!"

Shangazi alikuwa ameshashuka.

"Shangazi," Fundi alisema kwa adabu ya kujilazimisha, "hapa sikupaweka mimi."

"Si uliniletea mwenyewe, baba? Nikaona kuna nafasi, nikaongeza."

"Umeongeza ngapi?"

"Chache tu."

Zilikuwa kumi na moja. Mkewe alizihesabu, akaziba mdomo kwa kiganja, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika.

Mpaka nyumba ya tatu Fundi alishakunywa chai vikombe vinne na uso umemkunjamana. Ya nne ilikuwa ya mwalimu mstaafu, mjane. Ukutani palikuwa na saa kubwa ya mbao iliyosimama tangu mumewe afariki. Fundi aliitupia jicho. Akaitupia tena. Akaomba bisibisi.

Saa moja ikapita, ikaja ya pili. Mkewe akachungulia.

"Mume wangu, ratiba yako inasema sasa hivi tuko chooni."

"Ngoja kidogo."

"Tena cha kijani kabisa."

"Nimesema ngoja!"

"Mwanangu," shangazi akaingilia kwa sauti ya asali, "unatuchelewesha."

Fundi hata hakusikia. Alikuwa ameinamia gurudumu dogo kuliko punje ya mchele. Saa ilipogonga, mwalimu alisimama katikati ya sebule, mkono kifuani. Kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasema leo hakuna anayeondoka hapa. Na kweli, geti la maporomoko lingefungwa kabla hawajafika.

Walifika kesho yake mchana. Fundi alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini hadi magotini. Mkewe alipomwita ampige picha, aligeuka kwa madaha, akateleza, akakaa kitako majini na kofia yake kichwani.

"Baki hivyohivyo!" mkewe akapiga kelele. "Umependeza!"

Shangazi alicheka mpaka akatafuta mti wa kushikilia. Fundi alijaribu kununa, akashindwa, akabaki palepale majini, akicheka kwa sauti kubwa kuliko wote.