Karatasi Mbili za Mwalimu Nyakundi

Kompyuta ya Kemuma, mwenye duka la uchapishaji pale Kebirigo, hutumia programu ya kuandikia ya mwaka 2010, na mpaka Jumatatu ile hakuna marehemu aliyewahi kulalamika. Wateja wake wakubwa ni kamati za mazishi, na hakuna ukoo unaokubali kuzika kwa kitabu cha ratiba kilicho duni kuliko cha jirani.

Siku hiyo Mwalimu Nyakundi, mstaafu aliyekuwa akiandaa mazishi ya mjomba wake, aliingia akifuatana na Brandon, mwenye duka jipya la uchapishaji ng'ambo ya barabara.

"Dada Kemuma, umetuhudumia siku nyingi," Mwalimu alianza, kwa sauti ya mtu anayeaga. "Lakini Brandon anasema programu yako imepitwa na wakati. Vitabu vitatoka hafifu."

Kemuma alijua kwamba Nyakundi akivuka barabara, kamati nyingine zitamfuata.

"Na wadukuzi je, aunty?" Brandon aliongeza. "Programu ya zamani ni mlango wazi."

"Kwenye mtandao, kweli. Ndiyo maana simu yangu naisasisha kila inapodai. Kompyuta hii haijaunganishwa popote. Mdukuzi akiitaka, apande boda boda aje."

Alichapisha ukurasa wenye picha ya mjomba, aliokuwa ameshauandaa, akaweka karatasi mbili mezani.

"Mwalimu, kama tofauti unaiona kwa macho yako, kazi mpe Brandon. Ipi ni ya programu mpya?"

Mwalimu alivaa miwani. "Hii ya kushoto. Herufi zimesimama. Hata mjomba amechangamka."

Brandon alicheka. "Hapana, Mwalimu! Ni ya kulia. Tazama pambizo zilivyonyooka. Hiyo yako ni ya zamani, mimi naijua hata gizani."

"Kijana, somo la sanaa ulipata nini?"

"C, Mwalimu."

"Nani alikusahihishia?"

"Ni wewe."

"Basi nyamaza."

Kemuma aliwaacha wabishane mpaka Mwalimu akaomba rula. Ndipo aliposema, "Zote mbili zimetoka kwenye programu hii hii ya zamani. Amri moja, nakala mbili."

Brandon alikumbuka ghafla kwamba ameacha duka wazi, akatoka. Mwalimu alivua miwani taratibu.

"Nimetunga mitihani miaka thelathini na miwili. Sikuwahi kumtega mtoto hivyo."

"Watoto wako hawakuja kuhamisha kazi yangu, Mwalimu."

Mwalimu alijaribu kununa, kicheko kikamshinda. "Haya. Nakala mia mbili, Jumatano jioni. Na utumie hiyo hiyo programu yako."

Alifika mlangoni, akachungulia barabarani kuhakikisha Brandon hasikii, kisha akarudi hatua mbili.

"Lakini zote ziwe kama ile ya kushoto."

"Zote, Mwalimu," Kemuma alijibu, akabonyeza kitufe kilekile.