Herufi Safi kwenye Zulia la Korido

"KWA WAPANGAJI WOTE WAHESHIMIWA. Mnakumbushwa kwamba zulia la ukuta hadi ukuta ni fahari ya jengo hili, na kwamba usafi wake ni kioo cha utu wa kila mkazi. Fyonzeni vumbi mara mbili kwa wiki. Msimwage kitu. Uongozi."

Tangazo hilo tukufu lilidumu ukutani saa tatu. Ukuta ulikuwa umelowa, gundi ikaachia, likaanguka kifudifudi koridoni, na mbwa wa ghorofa ya pili akalikojolea. Lorraine Pruitt aliliinua kwa ncha za vidole, akalisoma hadi mwisho, akalirudisha pale pale sakafuni.

Ndani ya fleti 114, zulia la chumba cha kulala lilikuwa likitoa maji. Ukilikanyaga kwa soksi, soksi inalowa. Bomba la bafu la jirani wa juu lilipasuka mwezi Machi, na sasa Agosti ilikuwa inaishia. Kwenye kona ya kabati kuvu jeusi lilikuwa limeota manyoya. Walt, mumewe, ambaye kiwanda cha vioo cha Toledo kilimstaafisha na mapafu nusu, alilala sebuleni ameketi kwenye kochi, akikohoa mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Daktari hakuzungusha maneno: ama zulia lile litoke, ama mzee atoke, na mzee akitoka atatoka kwa jeneza.

Lorraine alikuwa amepeleka maombi sita ya matengenezo. Yote sita yalijibiwa kwa neno moja: Limeshughulikiwa.

La saba alilipeleka kwa miguu. Brent Haskell, meneja, kijana wa fulana ya kola na meno meupe kama vigae vipya, alikuja naye mpaka mlangoni. Alichungulia chumbani bila kuvuka kizingiti. Viatu vyake vilikuwa vya suedi, ngozi laini isiyopatana na maji.

"Bi. Lorraine, hili zulia umelisafisha lini?"

"Silisafishi, baba. Linaogeshwa na dari."

"Unaona, hapo ndipo wapangaji wengi wanapokosea." Alishusha sauti kama mtu anayetoa siri ya familia. "Mnatumia maji mengi mno. Zulia linataka mkono mwepesi. Halafu mnafungua madirisha, hewa ya nje inaingia, basi, unyevu."

"Tazama juu, Brent."

"Nitaandika kwamba ni usafishaji usio sahihi."

Kutoka kwenye kochi Walt alisema, "Mwambie unafanya kazi gani." Kikohozi kikamkata.

Lorraine hakumwambia. Alikuwa amesafisha mazulia ya moteli ya barabara kuu kwa miaka ishirini na miwili. Aliyatoa madoa ya damu ya pua, ya divai, ya matapishi ya harusi tatu kwa siku moja. Alimtazama yule kijana akiondoka kwa hatua za kukwepa madoa, na kitu kikatulia ndani yake, kigumu na baridi.

Alhamisi wenye jengo walikuwa wanakuja kutoka Chicago pamoja na watu wanaotaka kulinunua. Brent alikuwa amepaka rangi mlango wa mbele, akaweka maua ya plastiki. Zulia la korido hakuligusa. Kila mtu alijua zulia lile ni la rangi ya kahawa, na rangi ya kahawa haionyeshi uchafu.

Lorraine alilijua vizuri zaidi. Siku moja alikunja kona ya zulia hilo kwenye kizingiti chake, akaona nyuzi zilizojificha chini ya ubao. Zilikuwa za kijani, kijani cha njegere changa.

Alhamisi saa tano asubuhi Brent alikwenda uwanja wa ndege kuwapokea wageni. Lorraine aliingia koridoni na mashine ya kuoshea mazulia ya moteli, ile ndogo ya mkono, na sare yake ya kazi. Wapangaji wanne walimpita. Wawili walimsalimia. Mmoja aliomba radhi kwa kukanyaga waya. Hakuna aliyemuuliza chochote. Mwanamke mwenye mashine ya kusafishia haulizwi.

Alipomaliza, herufi zilianzia mlango mkuu hadi kwenye ngazi, kila moja urefu wa mtoto, kijani kibichi ndani ya uchafu wa miaka kumi na mitano:

FLETI 114. BOMBA LINAVUJA TANGU MACHI.

Doa linasuguliwa likatoka. Usafi haufutiki.

Brent aliligundua hilo akiwa amepiga magoti. Aliingia dakika mbili mbele ya wageni, akapiga ukelele, akakimbilia ofisini na kurudi na birika la kahawa. Bi. Kessler, mwenye jengo, alipofungua mlango, alimkuta meneja wake akimwagia kahawa herufi F.

"Brent," alisema, "unafanya nini?"

"Nalinganisha rangi, bosi."

Lorraine alitazama yote kupitia tundu la mlango wake. Alicheka bila sauti mpaka mbavu zikamuuma. Alitaka Brent aendelee kupiga magoti pale hadi Krismasi.

Wanunuzi walipiga picha. Jioni hiyohiyo Duane, fundi, alikuja na ngazi. Bomba lilimchukua dakika ishirini.

"Dakika ishirini, Duane?"

"Mimi nilikuwa tayari tangu Machi, mama. Sikupewa kibali."

Jumatatu walileta zulia jipya la chumba cha kulala. Usiku ule Walt alilala chali kitandani kwake.

Jumatano Brent aligonga mlango. Alikuwa mpole kama daktari wa meno.

"Bi. Kessler amevutiwa. Anasema kazi ile imenyooka kama imepigwa rula. Anataka amjue aliyeifanya, ampe mazulia ya majengo yake yote matano. Mimi nilimwambia ni watoto tu, na mashine yao ya kukodi…"

"Mashine ya kukodi!" Lorraine alisema. "Ile inaacha povu, na povu linavuta vumbi. Mimi nilisuuza mara mbili, maji ya moto na kijiko cha siki. Kila herufi. Watoto gani? Ni mimi."

Brent alitoa karatasi kutoka chini ya kwapa. Ilikuwa imechapwa tayari, ikiwa na nafasi moja tu ya jina.

"Kifungu cha tisa cha mkataba," alisema. "Mpangaji kuharibu maeneo ya pamoja. Mhame ndani ya siku thelathini."

Lorraine aliisoma. Akamwomba kalamu. Kwenye mstari wa kukiri kosa akakata neno "niliharibu", juu yake akaandika "nilisafisha", akatia saini.

"Haibadilishi kitu," Brent alisema.

"Najua."

Chumbani, kwenye zulia kavu lililokuwa likinukia gundi mpya, Walt alikuwa amelala, akipumua bila kukohoa.